Jina kwenye Sanduku la Barua: Maelezo kwa Vijana Wanaokwenda Ujerumani kwa Ausbildung

Wazazi wetu, shikamooni. Vijana mnaosafiri, hamjambo. Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya miezi mitatu ya kwanza ya Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi yenye mkataba na mshahara, huko Ujerumani, na muda huu tutautumia kwa mambo ya karatasi na ya mikono. Baridi mtaikuta wenyewe, na makoti mazito mtayanunua huko huko, tena kwa bei nzuri kwenye maduka ya mitumba. Msijaze mabegi.

Ujerumani ni nchi ya barua, na hilo ndilo tunalotaka mtoke nalo hapa. Benki, bima, ofisi ya kodi, ofisi ya wageni inayotoa vibali vya ukaazi, wote wanaandika barua na kuitia posta. Barua ya serikali huhesabiwa imekufikia siku ya nne tangu ilipotumwa, na ukitaka kupinga kilichoandikwa ndani yake kwa kawaida una mwezi mmoja. Hakuna mtu atakayekupigia simu kukuuliza kama umeiona. Vijana wengi wanaovurugikiwa mwanzoni hawakukosa akili wala bidii. Barua zao zilirudi zilikotoka kwa sababu jina lao halikuwa kwenye sanduku la barua.

Kwa hiyo tuanze na jina, na tuanze nalo hapa nyumbani kabla hujapanda ndege.

Toa pasipoti yako, cheti cha kuzaliwa na cheti cha kidato cha nne. Vipange mezani, usome majina herufi kwa herufi. Kwetu mtu anaweza kuwa na majina matatu kwenye cheti cha kuzaliwa cha RITA, mawili kwenye cheti cha mtihani cha NECTA, na pasipoti ikachukua jina la babu kuwa jina la ukoo. Sisi hatushangai. Karani wa Ujerumani akiona "Mohamed" hapa na "Mohammed" pale, anaona watu wawili. Tofauti hiyo irekebishwe sasa, ama kwa kusahihisha cheti chenyewe, ama kwa hati ya kiapo ya majina iliyoandaliwa na wakili na kusajiliwa, kisha ikatafsiriwa kwa Kijerumani pamoja na vyeti vingine na mfasiri aliyeapishwa. Ukiliacha, litakungoja kwenye kibali cha ukaazi, kwenye bima, na siku utakapotaka kufunga ndoa. Kule kulirekebisha ni kazi ya miezi, na kila karatasi inatakiwa itoke tena Dar es Salaam.

Chukua pia kadi ya chanjo. Tangu Machi 2020 sheria ya Ujerumani inamtaka kila anayefanya kazi hospitalini au kwenye nyumba za wazee, aliyezaliwa baada ya 1970, athibitishe kinga ya surua, yaani dozi mbili za chanjo au kipimo cha damu. Kadi ya kliniki ya utotoni ikiwa imepotea, choma tena na uandikiwe. Wanaokwenda kwenye uuguzi waulize na kuhusu homa ya ini aina ya B, maana waajiri wengi huitaka.

Sasa mawakala. Tutalisema wazi kwa sababu kuna familia zimeuza viwanja. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Kwa sababu hiyo sheria ya Ujerumani inakataza kampuni binafsi kuja hapa kusajili watu wa kazi za afya na uuguzi; ruhusa hiyo inayo ofisi yao ya ajira ya serikali peke yake. Wewe mwenyewe ukiiandikia hospitali moja kwa moja, hujavunja sheria yoyote. Basi mtu akikuambia "nina nafasi 20 za uuguzi, lete milioni tano", umeshajua amesimama wapi. Kwa kazi nyingine, kama hoteli, uokaji mikate au ufundi umeme, usitoe hata shilingi kabla hujaona mkataba wenye jina na anwani ya mwajiri. Kisha itafute namba ya mwajiri huyo wewe mwenyewe, usitumie aliyokupa wakala, piga uulize kama wanakutambua. Ada ya viza ya kitaifa ni euro 75, na inalipwa ubalozini, si mfukoni mwa mtu.

Na lugha. Cheti cha B1, yaani Kijerumani cha ngazi ya kati, kinafungua viza, hakikubebi kazini. Kati ya mtihani na safari hupita miezi kadhaa ya kungoja, na ndiyo miezi lugha inayomwagika. Endelea na darasa, au angalau saa moja kila siku, hadi wiki ya kuondoka. Anayefika na B1 iliyolala miezi minne anaanza sawa na mtu asiyeijua lugha kabisa.

Kuhusu chakula mtakachobeba, maana akina mama mmeshaanza kufunga vifurushi: nyama ya aina yoyote, maziwa na samli haviruhusiwi kuingia Ulaya kwenye begi la msafiri, hata vikiwa kidogo. Dagaa wanaruhusiwa, kwa kuwa samaki wana kiasi chao cha hadi kilo 20. Matunda yanahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa machache tu: nanasi, nazi, ndizi, tende na durian. Embe, kwa hiyo, liacheni nyumbani. Asali isizidi kilo mbili.

Umefika. Saa zako zinaanza kuhesabiwa.

Jambo la kwanza ni kujiandikisha anwani, wenyewe wanaita Anmeldung. Una wiki mbili tangu ulipohamia ndani. Unakwenda ofisi ya wakazi na pasipoti, fomu, na karatasi iliyotiwa saini na mwenye nyumba kwamba kweli unaishi kwake, jina lake Wohnungsgeberbestätigung. Mkataba wa pango hauchukui nafasi ya karatasi hiyo. Katika miji mikubwa miadi hujaa, kwa hiyo ibuku mtandaoni ukiwa bado Tanzania, na uombe hiyo saini siku unapokabidhiwa ufunguo. Mwenye nyumba anayekuambia "kaa tu, lakini usijiandikishe hapa" anakupa kitanda bila anwani. Bila anwani benki inasita, namba ya kodi haiji, na ofisi ya wageni haina pa kukuandikia. Chumba cha namna hiyo, hata kiwe nafuu kiasi gani, kikatae. Mwulize mwajiri kwanza kama ana bweni la wafanyakazi.

Kwenye fomu hiyo kuna kisanduku cha dini, na wengi hukijaza bila kujua maana yake. Ukiandika kwamba wewe ni Mkatoliki au Mlutheri, utakatwa kodi ya kanisa, ambayo ni asilimia 8 ya kodi yako ya mapato katika majimbo ya Bavaria na Baden-Württemberg, na asilimia 9 kwingineko. Hukatwa asilimia hiyo juu ya kodi, si juu ya mshahara wote, kwa hiyo asiyelipa kodi ya mapato halipi na hiyo. Walutheri wa KKKT na Wakatoliki mliopo hapa, hatuwaambii mkane kanisa lenu. Tunataka mjaze mkijua, na msije mkashtuka mwaka wa nne mshahara utakapopanda.

Ukitoka ofisini, siku hiyo hiyo, nenda kabandike jina. Tunaomba mtusikilize vizuri hapa. Kwenye nyumba za Ujerumani mtu wa posta haangalii namba ya chumba, na katika nyumba nyingi vyumba havina hata namba. Anaangalia jina la ukoo kwenye kengele na kwenye sanduku. Liwe jina lile lile lililoko kwenye pasipoti yako sehemu ya ukoo, siyo jina unaloitwa nyumbani. Kama unaishi kwenye chumba cha mtu mwingine, kila unapoandika anwani anza na jina lako, halafu mstari wa pili uandike neno la Kijerumani "bei", maana yake "kwa fulani", na jina lililoko mlangoni. Kipande cha karatasi na gundi ya uwazi vinatosha kwa siku za mwanzo. Halafu fungua sanduku kila siku, na kila bahasha ipige picha, ifunge kwenye faili kwa tarehe. Bahasha ya njano ndiyo usiilaze kabisa: mtu wa posta ameandika juu yake siku aliyoifikisha, na siku zinahesabiwa kuanzia hapo.

Katika wiki mbili hadi nne baada ya kujiandikisha itafika barua yenye namba ya kodi ya tarakimu 11. Namba hiyo ni ya maisha yako yote, hata ukiondoka na kurudi. Mpe mwajiri mara moja. Akikosa namba hiyo kwa kosa lako, anakukata kwa daraja la kodi la VI, ambalo ni kali kuliko yote. Kwenye mshahara wa euro 1,400, ambao kwa daraja la I haukatwi karibu kodi yoyote, daraja la VI hula zaidi ya euro 100 kwa mwezi. Fedha hizo hurudi baadaye, lakini wewe ulizihitaji mwezi ule.

Bima ya afya unachagua mwenyewe kati ya mifuko ya umma, na sehemu kubwa ya huduma inafanana kwa sababu imewekwa na sheria. Usikubali bima binafsi kwa sababu tu mtu amekuonyesha bei ya chini. Kama umefika siku chache kabla mkataba haujaanza, siku hizo zifunikwe na bima ya safari, kwa sababu mfuko wa umma unaanza kukuhesabu siku mkataba unapoanza. Benki nayo isikutishe: sheria inampa kila anayeishi Ulaya kihalali haki ya kuwa na akaunti ya msingi.

Itafuata barua inayosumbua wengi, ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi. Kijana anaisoma, anasema "mimi sina TV", anaitupa. Ada hiyo haiulizi kama una televisheni. Inatozwa kwa nyumba, na kila nyumba hulipa mara moja. Mkiwa wanne katika nyumba moja, mmoja analipa, na wengine watatu wanajibu barua zao kwa kutaja namba ya mlipaji. Asiyejibu huandikishwa kulipa, deni linakua kimya kimya, na mwisho linafika kwa mkusanya madeni.

Tuingie ndani ya nyumba, maana huko ndiko fedha zinakovuja bila mtu kuona.

Kuna kodi ya pango baridi, Kaltmiete, yaani chumba kitupu, na kuna ya moto, Warmmiete, iliyojumlisha maji, takataka na joto. Umeme na intaneti mara nyingi viko nje ya zote mbili, kwa hiyo uliza. Amana haiwezi kuzidi pango baridi la miezi mitatu, na sheria inakuruhusu kuilipa kwa mafungu matatu ya kila mwezi, fungu la kwanza mkataba unapoanza. Chumba cha euro 350 baridi kina amana isiyozidi 1,050. Mtu anayetaka amana kabla hujakiona chumba, akiahidi kukutumia ufunguo kwa posta, ni tapeli, hata picha ziwe nzuri namna gani. Siku ya kukabidhiwa piga picha kila ufa, kila doa, kila mita, na muandike pamoja karatasi ya makabidhiano. Nyumba nyingi hupangishwa bila jiko. Utakuta bomba na soketi ukutani, basi.

Fedha ya joto mnayolipa kila mwezi ni makadirio. Hesabu kamili huja baadaye, na mwenye nyumba ana miezi 12 baada ya mwaka wa hesabu kwisha kukuletea. Ukiwa umetumia kupita kiasi, unadaiwa mamia ya euro kwa pamoja. Kwa hiyo jifunzeni ile Heizung, chuma cha ukutani kinachopasha chumba. Ina kitasa chenye namba 1 hadi 5. Namba 3 inaleta nyuzi karibu 20. Ukizungusha hadi 5 chumba hakipati joto haraka zaidi, kitasa kinachoambiwa ni kwamba kisisimame hadi chumba kiwe tanuri. Iache kwenye 3 ukiwa ndani, 2 ukilala au ukitoka. Wakati wa baridi kali isizimwe, isipokuwa kwa dakika chache za kufungua madirisha.

Na dirisha. Sisi tukipika maharage yanatokota saa mbili, tunasonga ugali, halafu tunaanika nguo chumbani kwa sababu nje kuna mvua. Ule mvuke wote hauna pa kwenda. Unakaa kwenye ukuta wa baridi nyuma ya kabati la nguo, na mwezi wa pili unakuta kuvu nyeusi, na mwenye nyumba anataka gharama za kupaka rangi zitoke kwenye amana yako. Fungua madirisha wazi kabisa dakika tano hadi kumi, mara mbili au tatu kwa siku, huku Heizung umeizima, kisha funga. Dirisha lililoinamishwa kidogo mchana kutwa linapoza ukuta na kuunguza fedha, na unyevu unabaki. Kabati lisogeze upana wa kiganja kutoka ukuta wa nje.

Ufunguo wa mlango mkuu usiupoteze. Mara nyingi ufunguo mmoja ni wa mfumo wa nyumba nzima, na ukipotea huenda vitasa vyote vikabadilishwa kwa gharama yako. Ndiyo maana tunawasihi mkate bima ya dhima binafsi, Haftpflicht, inayolipa hasara unayomsababishia mtu mwingine, ambayo kwa mtu mmoja ni chini ya euro 100 kwa mwaka. Kabla hujasaini, uliza kama inafunika funguo za nyumba ya kupanga na za kazini.

Sasa wazazi, sehemu hii ni yenu zaidi. Kijana akipokea mkataba wa euro 1,400, familia huizidisha kwa shilingi, na kabla hajaondoka fedha hiyo imeshapangiwa ada za wadogo zake na bati za nyumba. Hiyo 1,400 ni Brutto, yaani kabla ya makato. Pensheni, bima ya afya, bima ya ukosefu wa kazi na bima ya uuguzi huchukua karibu asilimia 21, inabaki takriban 1,100. Pango la bweni na joto lake, tuseme 450. Chakula 220. Tiketi ya mabasi na treni ya mwezi, ambayo kwa 2026 ni euro 63. Simu 10, ada ya redio 18, bima ya dhima 5. Zinabaki kama 330, na ndani yake kuna viatu vya baridi, vitabu, miwani. Akiwatumia euro 100 kwa mwezi mwaka wa kwanza, amewatumia nyingi. Kubalianeni kiasi hicho leo mkiwa mmekaa pamoja. Kijana anayeahidi zaidi ya uwezo wake huishia kuongeza kazi ya usiku, analala darasani, anafeli mtihani, na kibali chake kimefungwa kwenye hayo hayo mafunzo.

Mshahara wa kwanza huja mwisho wa mwezi, na ukichelewa orodha ya malipo huja mwezi unaofuata. Kwa hiyo aondoke na pango la miezi miwili, fungu la kwanza la amana, chakula, nauli na viatu. Kwa mfano tulioutoa, ni karibu euro 2,000.

Kazini tutagusa mambo machache. Ukiumwa, piga simu kabla ya zamu kuanza, si baada. Ugonjwa ukizidi siku tatu unahitaji ED, yaani cheti cha daktari cha kupumzika kazi, na mwajiri ana haki ya kuidai hata siku ya kwanza. Kwa walio kwenye mifuko ya umma, mwajiri anaichukua kwa mtandao kutoka kwenye mfuko. Katika wiki nne za kwanza za mkataba mwajiri halazimiki kukulipa ukiumwa, unadai mfuko wa bima. Usiku na Jumapili, kwa ugonjwa usiotishia maisha, piga 116117. Kwa hatari ni 112.

Na lipo moja la malezi yetu. Tumefundishwa kumwitikia mkubwa "ndiyo". Kule msimamizi akikueleza dozi ya dawa, ukaitikia "ja" kwa heshima huku hukuelewa, anakwenda zake akiamini umeelewa, na mgonjwa ndiye anayeumia. Sema "Ich habe das nicht verstanden", sikuelewa. Ukiuliza mara tatu hawatakudharau. Wanaogopa asiyeuliza.

Mwisho, kibali. Viza mliyonayo ni ya miezi. Omba miadi ofisi ya wageni wiki ile ile uliyojiandikisha, na ombi lipokelewe kabla viza haijaisha. Ofisi ikichelewa, omba karatasi ya muda, Fiktionsbescheinigung. Kabla hujakata tiketi ya kuja msibani au harusini, angalia kifungu kilichotiwa alama ndani yake: kifungu cha 81 ibara ya 4 kinakuruhusu kurudi Ujerumani, ibara ya 3 hakikuruhusu. Mafunzo yakivunjika kwa sababu yoyote, una wiki mbili kuiarifu ofisi. Aliyekatishwa mafunzo bila kosa lake anapaswa kupewa hadi miezi sita ya kutafuta sehemu nyingine kabla kibali hakijafutwa, na anayejificha anaipoteza nafasi hiyo mwenyewe.

Tunasimama hapa. Meza ya kushoto ni ya majina: leteni pasipoti na vyeti tuvisome pamoja, mmoja mmoja. Ya kulia ni ya mikataba ya kazi na ya pango. Ambao safari zao ni mwezi huu watangulie.